Gurudumu la kukatia vioo vya miwani: nani aseme limechoka?

Kila mtu anayetumika katika atelie ya mekanika analijua jiwe la kunolea, na anazijua sheria zake. Mbele ya kulifunga, jiwe linatundikwa na kugongwa polepole ili tusikie mlio. Likilia kama chungu kilichopasuka, linatupwa. Nafasi kati ya jiwe na kiegemeo chake haipiti milimetre 3. Jiwe likipungua mpaka kiegemeo hakiwezi tena kulifuata, linatolewa, na hakuna shefu atakayesema: « Acheni kwanza limalize mwezi. » Tunatii upesi kwa sababu jiwe linapopasuka linaweza kuua, na habari za namna hiyo hazisahauliki katika kambi.

Lakini kuna gurudumu jingine linalogusa usalama wetu kila siku, na hilo halina sheria hata moja ukutani. Halipasuki. Halitoi cheche. Wengi wetu hatujaliona hata siku moja. Linazunguka ndani ya mashini ndogo, katika chumba cha fundi wa miwani, na kazi yake ni kukata vioo vya miwani ya usalama kwa wale ambao mganga wa macho amewaandikia vioo vya nguvu. Na hao si wachache: mtu akipita miaka 40 atahitaji siku moja kioo cha kumsaidia kusoma kipimo au kuona waya. Gurudumu hilo likichakaa, hakuna anayeanguka chini. Inatoka tu miwani mibaya, jozi ya kwanza, jozi ya pili, jozi ya kumi. Na mtu aliyepewa miwani mibaya anafanya nini? Anaivua. Anaiweka mfukoni, au anaipandisha juu ya kofia ya kazi, halafu anarudi mbele ya jiwe la kunolea.

Neno langu leo ni hili: gurudumu la kukatia vioo libadilishwe kwa kipimo, na mwenye kupima awe fundi mwenyewe. Asiwe karani wa biro ya manunuzi, isiwe kalenda, wala asiwe yule anayesema: « Bado iko inazunguka. »

Tuone kwanza kazi yenyewe. Kioo kinapofika kwa fundi kinakuwa duara, upana wake karibu milimetre 65 au 70. Fundi anatafuta katikati yake na mhimili wake kwa chombo kinachoitwa frontofokometa. Anabandika juu yake kishikio kidogo kwa karatasi yenye gundi pande zote mbili, kisha mashini inakibana kioo kati ya vidole vyake viwili. Kioo kinazunguka polepole, gurudumu linazunguka mbio. Gurudumu la kwanza, lenye punje kubwa, linakula sehemu kubwa. La pili, lenye punje ndogo na mfereji wa umbo la V, linachonga ule mgongo mwembamba unaoingia ndani ya fremu. Maji yanamwagika ili kupoza na kuondoa unga. Kioo cha polikaboneti, kile cha plastiki ngumu tunachopewa sana kwa usalama, kina desturi yake: katika mashini nyingi kinakatwa kwanza kikavu, maji yanakuja mwishoni. Kuna na mashini nyingine zisizo na almasi kabisa, zinakata kwa visu vinavyozunguka; hizo ni za plastiki tu, na kioo halisi hazikigusi.

Zile punje za gurudumu ni almasi, na hapa Mkongo anaweza kucheka kidogo. Mbele ya Wamarekani wa General Electric kufaulu kutengeneza almasi kwa mikono ya watu, mwezi wa Desemba 1954, sehemu kubwa ya almasi za kazi za dunia ilitoka Kasai, huko Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi. Tena, unga wa chuma unaozishika punje katika vyombo vingi vya almasi ni kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa kwetu. Basi tunapongoja miezi mitatu gurudumu la bei kali livuke mpaka wa Kasumbalesa, huenda tunangoja udongo wetu wenyewe urudi nyumbani na alama ya kiwanda cha ng'ambo. Lakini hayo ni maneno ya siku nyingine.

Kwa sababu ni almasi, watu wanadanganyika. « Almasi haiishi, » wanasema, « na gurudumu lake haliishi. » Almasi yenyewe ni ngumu kweli. Lakini gurudumu ni chuma kilichoshika almasi. Punje inachomoza kidogo nje ya chuma kama jino nje ya ufizi, na sehemu inayochomoza ndiyo inayokata. Siku zinavyopita, punje inavunjika, au inang'oka, au ncha yake inakuwa butu. Katika gurudumu lililookwa motoni, lenye punje tabaka juu ya tabaka, chuma kikiliwa kidogo punje mpya zinatokea. Katika gurudumu lililopakwa punje tabaka moja tu, hakuna akiba: tabaka likiisha limeisha, na hakuna dawa. Kwa hiyo, fundi anayetaka kujua ni lini abadilishe, ajue kwanza lake ni la aina gani. Nilipita katika atelie moja ambapo swali hilo halikuwa na jibu. Karatasi ya mtengenezaji ilikuwa imepotea siku nyingi, na kila fundi alikuwa na imani yake.

Tena tutofautishe kati ya gurudumu chafu na gurudumu lililokwisha. Gurudumu chafu limejaa unga wa plastiki katikati ya meno yake. Linapangusa kioo badala ya kukila. Hilo linaamshwa kwa kijiti cha alumina kilicholoweshwa maji: kijiti cha punje ndogo kwa gurudumu la kumalizia, cha punje kubwa kwa gurudumu la kwanza, jinsi mtengenezaji alivyoandika. Kijiti kinakula chuma kidogo na kuyaacha meno yachomoze tena. Gurudumu butu la kuokwa nalo linaamka vilevile. Lile la tabaka moja tusilipeleke kwenye kijiti kama mtengenezaji hakuruhusu, maana tutalimaliza kwa mikono yetu.

Gurudumu lililokwisha haliamki. Linakata vizuri vioo vichache, halafu linalala tena. Hapo ndipo ilipo alama ya kwanza ya kuaminika, na haidai chombo chochote ila daftari na kalamu. Andika tarehe ya kila kuamshwa, na hesabu ya vioo vilivyokatwa tangu kuamshwa kwa mwisho. Mashini nyingi za leo zinahesabu zenyewe. Siku vile vipindi vinapoanza kufupika, kijiti kinaombwa kila wiki, kisha kila siku mbili, kisha kila asubuhi, gurudumu linaaga. Asiyeandika hataona, kwa sababu mambo yanakwenda polepole, kama mvi.

Sasa niseme kwa nini naliita jambo hili la usalama, wakati wengine wanaliona kuwa la uzuri wa miwani tu.

Gurudumu butu halikati mpaka lisukumwe. Mashini inakikandamiza kioo zaidi, au inakizungusha mara nyingi zaidi, na nguvu yote hiyo inapita katika ile karatasi ya gundi iliyoshika kioo. Karatasi ikishindwa, kioo kinajipinda kidogo ndani ya vidole vya mashini. Hakianguki, hakivunjiki, kinajipinda digrii chache, na mashini inaendelea kukata umbo zuri kabisa juu ya kioo kilichopotoka. Kwa mtu ambaye kioo chake ni cha duara sawa pande zote, kujipinda huku hakuna neno kubwa. Lakini kwa mwenye astigmatismu, ambaye jicho lake linadai nguvu upande mmoja kuliko mwingine, mhimili ndio dawa yenyewe. Hesabu yake inajulikana na haibishaniwi. Tuseme mganga amemwandikia diopta 2 za astigmatismu. Kioo kikipotoka digrii 5, inabaki kasoro ya diopta 0.35, yaani zaidi ya sehemu moja ya sita ya dawa imepotea. Kikipotoka digrii 10, inabaki diopta 0.70, zaidi ya theluthi. Kikipotoka digrii 30, kasoro iliyobaki ni diopta 2 kamili: mtu amevaa kioo, amesubiri, na bado ukungu wake ni uleule kwa ukubwa, ila umegeuzwa upande.

Mfikirie sasa mtu huyo. Ni dereva wa gari kubwa katika shimo la wazi, au ni fundi wa umeme mbele ya kabati la nyaya. Amepewa miwani mpya Jumatatu. Ngazi zinaonekana kama zimeinama. Saa nne kichwa kinaanza kuuma, juu ya nyusi. Anaambiwa: « Utazoea, miwani mpya ni hivyo. » Wiki moja, wiki mbili. Hakuna anayeizoea miwani iliyokatwa vibaya; mtu anazoea kuivua tu. Kisha kapita anaandika katika ripoti kwamba fulani ni mkaidi, hapendi kinga. Mwaka 1980 biro ya takwimu za kazi ya Marekani iliwauliza watu wapata 1,000 walioumia macho kazini, na karibu watatu katika kila watano hawakuwa wamevaa kinga yoyote wakati wa ajali. Tunapenda kuwahubiria watu wa namna hiyo. Ni haki, lakini mbele ya kuhubiri tuchukue miwani yao mfukoni, tuipeleke kwenye frontofokometa, tupime mhimili. Dakika mbili zinatosha. Mara nyingine ukaidi unakutwa ndani ya mashini.

Madhara ya pili ni ukingo wa kioo. Kwa kioo halisi, gurudumu lililochakaa halichongi ukingo bali linaumega: unaona vipande vidogo vidogo vimeruka, kama ukingo wa sahani ya zamani. Mwaka 1921 injinia Mwingereza aliyeitwa A. A. Griffith alionyesha kwa nini kioo kinavunjika kwa nguvu ndogo kuliko ile ambayo kingeweza kubeba: ni kwa sababu ya mikwaruzo na nyufa ndogo zilizo tayari juu yake, maana nguvu yote inakusanyika kwenye ncha ya ufa. Ukingo uliomegeka ni ufa uliotengenezwa na sisi wenyewe, umefichwa ndani ya fremu mahali ambapo mwenye miwani hawezi kuuona. Na kioo cha usalama kinachokomazwa kwa moto kinakatwa mbele ya kukomazwa. Baada ya hapo hakigusiki tena. Kikikatwa vibaya, ubaya unaingia nao katika moto.

Polikaboneti ni rafiki mwenye subira zaidi, haimegeki kwa urahisi. Miwani yenye alama ya F kwa kawaida ya Ulaya imepimwa kwa kurushiwa kidonge cha chuma cha milimetre 6 kwa mwendo wa metre 45 kwa sekunde, ambao ni kilometre 162 kwa saa, na haikutobolewa. Lakini subira hiyo inategemea kioo kukaa ndani ya fremu bila kubanwa kupita kiasi. Sasa angalia hesabu ya gurudumu. Ndani ya mashini, katikati ya gurudumu na katikati ya kioo vinasogeleana mpaka mahali palipopangwa. Gurudumu likiliwa sehemu moja ya kumi ya milimetre, kioo kinabaki kikubwa kwa kiasi hichohicho kila upande, sehemu mbili za kumi kwa upana wote. Fundi analazimisha kiingie, anakaza skrubu, na plastiki inakaa katika mkazo siku zote. Siku moja nyufa nyembamba kama nywele zinatokea pembeni mwa fremu. Kioo chenye nyufa za namna hiyo si kile tena kilichopimwa, hata kama herufi F bado inasomeka.

Wengine watajibu: mashini ina kitufe cha kurekebisha ukubwa. Ni kweli, na kitufe hicho ni kizuri. Gurudumu likiliwa sawasawa, unarekebisha na kuendelea kwa amani, na mtu asikuambie ulitupe. Lakini mfereji wa V hauliwi sawasawa. Unapanuka mdomoni na kuwa wa mviringo chini, na mgongo wa kioo unatoka mnene, hauingii katika fremu mpaka chini. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Ndiyo maana fundi anayefuata ukubwa peke yake anaweza kukaa miezi na gurudumu lililokufa huku vipimo vyake vyote vya upana vikiwa safi.

Basi apime nini? Mimi nasema kioo cha majaribio kila Jumatatu, mbele ya kazi ya watu. Kioo cha plastiki cha kawaida, kisicho na dawa ya kuteleza juu yake, na karatasi mpya ya gundi. Apige mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, uanzie juu ya kishikio na kuendelea juu ya kioo. Aiamuru mashini ikate duara la milimetre 50. Atazame saa: dakika na sekunde. Kisha atazame mstari: kama kipande cha kishikio na kipande cha kioo havikutani tena, kioo kimejipinda. Apime upana kwa kile kipimo cha mekanisien chenye mataya mawili, sehemu nne tofauti, maana gurudumu lililoliwa upande au mhimili uliolegea unatoa duara lisilo duara. Atazame mgongo kwa lenzi ya mkono. Aandike. Kazi yote ni robo ya saa, na kioo kimoja cha bei ndogo.

Muda ukirefuka, aamshe gurudumu na apime tena. Likirudi kwenye muda wake wa kwanza, sawa. Lisiporudi, au mstari ukiendelea kukatika baada ya kuamsha, au mgongo ukiwa mviringo, gurudumu litoke siku ileile. Nasisitiza hayo maneno « baada ya kuamsha », kwa sababu wako mafundi wanaokimbilia gurudumu jipya kama mgonjwa anayekimbilia sindano. Kioo kinaweza kujipinda kwa makosa mengine: karatasi ya gundi ya zamani, vidole vya mashini visivyobana vizuri, au ile dawa ya kuzuia maji na mafuta juu ya vioo vya kisasa, ambayo inateleza kama sabuni na inadai karatasi yake maalumu. Harufu nayo isikudanganye. Vioo vingine vyembamba vya nguvu kubwa vina salfa ndani yake na vinanuka kama yai bovu hata chini ya gurudumu jipya. Na kabla ya kuliandikia gurudumu barua ya kuachishwa kazi, tuulize nani alilitesa. Aliyepitisha kioo halisi katika gurudumu la plastiki? Aliyeacha tangi la maji bila kubadilishwa, unga ukawa uji, uji ukarudi juu ya meno? Gurudumu jipya likifungwa katika nyumba ya namna hiyo litakufa vilevile, na safari hii upesi.

Sasa nije kwa wakubwa wetu wa manunuzi, ambao nawaheshimu, maana kazi yao ni kulinda franga ya kampuni na mara nyingi ndio wanaolaumiwa na kila mtu. Sababu yao ni ya kweli: gurudumu la almasi ni ghali, linaagizwa mbali, na usafiri unajulikana. Lakini desturi ya kungoja gurudumu life ndipo agizo liandikwe ndiyo inayotufanya tukate vioo miezi mitatu kwa maiti. Fundi anajua gurudumu limekwisha, agizo liko njiani, watu wanapanga mstari mlangoni, atafanya nini? Atakata. Dawa yake si ngumu: gurudumu la pili likae kabatini, katika karatasi yake, mbele ya la kwanza kuchoka. Siku la pili linapofungwa, siku hiyohiyo agizo la la tatu linaondoka. Kampuni haitumii franga zaidi kwa mwaka. Inatanguliza tu ununuzi mmoja. Na kwa upande wa kuhifadhi hesabu, waweke pia katika mizani vioo vilivyorudishwa na kukatwa upya, na siku za kazi zilizopotea kwa mtu anayezunguka kati ya lopitali na shantie akitafuta miwani inayomfaa. Sisemi chochote juu ya jicho lililopotea, maana hilo halina safu yake katika daftari la bei.

Wako wanaopenda sheria ya kalenda: kila mwaka, gurudumu jipya, kwisha maneno. Ina uzuri wa kutobishaniwa. Lakini atelie moja inakata vioo kumi kwa siku na nyingine inakata mia, moja inakata plastiki laini na nyingine kioo halisi. Kalenda itatupa gurudumu zima huku na kuacha maiti kule. Kama mtengenezaji ametoa hesabu ya vioo, tuichukue kama kengele ya kutuamsha tuangalie kwa makini zaidi, kipimo cha Jumatatu kiendelee kuwa hakimu.

Neno fupi kwa afya ya fundi mwenyewe, ambaye mara nyingi anasahauliwa kwa kuwa anatumika kivulini na hana tope juu ya viatu. Mwaka 1984 waganga wa Ubelgiji waliandika juu ya wang'arishaji wa almasi waliougua mapafu. Walikuwa wakitumia sahani zenye almasi iliyoshikwa na kobalti, na vumbi lake ndilo lililowaingia. Mashini ya miwani ina kifuniko na maji, si sawa na sahani ile ya wazi. Hata hivyo gurudumu likitaka kuamshwa kila siku, kila siku chuma kidogo kinaliwa, na kazi inayokatwa kikavu inatoa unga mwepesi unaoruka. Kijiti kitumike na maji, kifuniko kifungwe, uji wa tangi utolewe ungali umelowa na usiachwe kukauka sakafuni, na mashini ya kukata kikavu iwe na chombo chake cha kuvuta vumbi kinachofanya kazi kweli. Fundi naye avae miwani. Nimeona mafundi wa miwani wasiovaa miwani, jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la hatari.

Na wewe msomaji, ambaye huingii katika chumba kile, una haki ya kukagua kazi iliyofanywa kwa jina lako. Siku unapopewa miwani, usisaini upesi. Itazame mbele ya dirisha: je, kuna mwanga unaopita kati ya kioo na fremu? Je, ukingo umemegeka mahali popote? Ivae, utazame mlango kwa jicho moja, kisha kwa jingine, kisha kwa yote mawili. Mlango ukiinama, au sakafu ikionekana kama mtelemko, sema palepale. Vioo vya nguvu mpya vinaweza kusumbua siku chache, hiyo ni kweli, lakini kupima mhimili tena hakumgharimu mtu kitu, na fundi mzuri hakasiriki akiombwa. Baada ya wiki mbili, kama kichwa bado kinauma, usiiweke mfukoni. Irudishe na uombe ipimwe na matokeo yaandikwe katika daftari lilelile la gurudumu. Hivyo malalamiko ya dereva wa shimoni na kipimo cha Jumatatu vitakaa ukurasa mmoja, na shefu atakayelifungua ataona kama watu watatu wamerudisha miwani katika wiki ileile ambayo mstari wa wino ulianza kukatika.

Gurudumu likishatolewa, lipakwe rangi nyekundu upande mmoja na liandikwe tarehe. Nasema hivyo kwa sababu gurudumu lililokufa linaonekana sawa kabisa na lililo hai, na katika kabati la atelie vitu vina tabia ya kurudi. Siku fundi mkubwa yuko likizo na mwanafunzi anasukumwa na watu wanaongoja, mkono utaingia kabatini. Watengenezaji wengine wanapokea magurudumu ya zamani na kuyachonga upya au kuyapaka almasi mpya. Kwa hayo yatengwe sanduku lake, magazini, mbali na mashini. Mengine yaende kwenye vyuma chakavu.